Wachezaji Waongoze Safari: Mwongozo kwa Wasimamizi wa Michezo ya Uigizaji Mtandaoni

Katika jumuiya nyingi za michezo ya uigizaji mtandaoni hali huwa ileile. Wahusika wamejaa kwenye baa ya mji mkuu wa mchezo, kila mmoja ana historia ndefu ya ushujaa iliyoandikwa siku ya kujisajili, na hakuna anayetoka nje ya lango mpaka msimamizi atangaze tukio. Likitangazwa, wachezaji hujitokeza kwa wingi, adui hupigwa, zawadi hugawanywa, kisha wote hurudi baa. Msimamizi naye huanza kuandaa tukio la wiki inayofuata. Baada ya muda huchoka, matukio hukoma, na jumuiya hufa bila ugomvi wowote.

Wasimamizi wengi hulitaja tatizo hili kuwa ni uvivu wa wachezaji. Tathmini hiyo si sahihi. Mchezaji anayebaki baa amepiga hesabu yake vizuri: nje ya tukio rasmi hakuna jambo la maana litakalomtokea, na likitokea hajui atapoteza nini, nani ataamua, wala kama mwamuzi huyo ni rafiki wa hasimu wake. Katika mazingira hayo kutulia ndiyo busara. Anayetaka wachezaji wajitose hana budi kuibadilisha hesabu yenyewe. Matangazo ya kuwahimiza hayatoshi.

Msingi unaofuatwa hapa ni kwamba mchezaji hujitosa pale anapoweza kuiona hatari kabla ya kuifikia, anapoamini kwamba matokeo hayatageuzwa kwa upendeleo, na anapokuwa na hakika kwamba kinachowekwa rehani ni mali na maisha ya mhusika wake tu. Heshima, muda na utulivu wa mtu aliye nyuma ya skrini haviingizwi kwenye dau. Kazi ya msimamizi ni kuyalinda masharti hayo, kisha kukaa pembeni.

Hatari isomeke mapema

Mfano ulio wazi ni EVE Online, mchezo uliotolewa mwaka 2003 na kampuni ya CCP ya Iceland. Kila mfumo wa nyota katika mchezo huo una alama ya usalama, kuanzia 1.0 kushuka hadi 0.0 na chini yake, na rubani huiona kwenye ramani kabla hajang'oa nanga. Penye alama za juu, polisi wa mchezo waitwao CONCORD humwangamiza anayemshambulia mwenzake bila sababu halali. Hawazuii shambulio, huja baada ya tendo, kwa hiyo hata eneo hilo lina hatari yake, lakini mshambuliaji anajua fika kwamba chombo chake kitapotea. Penye alama ya 0.0 hakuna polisi, na madini na mapato huwa makubwa zaidi. Mchezaji huchagua kiwango cha hofu anachokitaka kabla ya kuondoka bandarini.

Ultima Online, iliyozinduliwa mwaka 1997, ilianza bila mpaka wa namna hiyo ulio imara. Nje ya miji yenye walinzi, mchezaji mgeni aliweza kuuawa na kuporwa na wakongwe hatua chache tu kutoka lango la mji, na wageni wengi waliondoka kabla hawajaujua mchezo. Mwaka 2000 watengenezaji waliigawa dunia hiyo pande mbili: Felucca, ambako wachezaji waliendelea kuweza kuuana, na Trammel, ambako hawakuweza kufanya hivyo bila ridhaa. Wachezaji wengi walihamia Trammel. Wapo wanaolitumia jambo hilo kama ushahidi kwamba watu hawapendi hatari. Hoja hiyo inaruka hatua moja: mtu aliyepewa mji ule ule na misitu ile ile mara mbili, upande mmoja ukiwa na wauaji na mwingine hauna, hana sababu ya kuchagua wauaji. Hatari isiyolipa chochote ni adha tu.

Mpangilio unaofaa jumuiya ndogo zaidi ulielezwa mwaka 2007 na Ben Robbins, mtunzi wa michezo wa Marekani, kwa jina la West Marches. Ulizaliwa kwenye michezo ya mezani, lakini leo unatumika sana kwenye seva za Discord. Mji uko salama na hauna jambo la kusisimua. Pori linaanzia nje ya ukuta, na kadiri kundi linavyokwenda mbali ndivyo hatari inavyozidi. Hakuna siku maalumu ya kucheza, hakuna kundi la kudumu, na hakuna hadithi kuu iliyoandikwa na msimamizi. Wachezaji wenyewe hupanga nani aende, lini na wapi. Msimamizi huandaa tu kile kilichochaguliwa. Ombi la safari huwa fupi na kamili: Jumamosi saa tatu usiku, nafasi nne, mbili zimejaa, kwenda kwenye magofu ya kando ya mto kutafuta ngazi aliyoiona mwenzetu safari iliyopita, anatakiwa mtu anayejua kusoma maandishi ya kale.

Thamani ya ombi hilo iko kwenye maneno yanayotaja ngazi. Taarifa iliyoletwa na kundi la kwanza imekuwa sababu ya kundi la pili kutoka. Kwa hiyo kumbukumbu za safari, ramani ya pamoja inayochorwa na wachezaji, hata uvumi usio na uhakika, vinahitaji mahali pa wazi ambapo kila mwanajumuiya anaweza kuvisoma. Msimamizi asisahihishe makosa yaliyomo kwenye ramani hiyo. Kundi lililopotea kwa sababu ya ramani mbovu ya wenzao limepata hadithi ambayo hakuna msimamizi angeweza kuiandika, na lawama zitakazofuata baina ya wahusika ni mchezo pia.

Dau litajwe kabla ya kete kutupwa

Hatari ikishajulikana ilipo, linalofuata ni ukubwa wake. Hapa ndipo wasimamizi wenye nia njema huharibu zaidi, ama kwa adhabu kali isiyotarajiwa, ama kwa huruma inayomwokoa kila mtu.

Chukua mchezaji anayeandika kwamba mhusika wake anavunja kufuli la ghala la mfanyabiashara usiku. Jibu la kwamba amekamatwa na atakaa gerezani wiki mbili humfundisha yeye, pamoja na wote wanaosoma, kwamba kujaribu ni upumbavu. Jibu linalofaa ni la namna hii: "Kufuli ni la kawaida na mkono wako umelizoea. Lakini taa ya mlinzi imeshaonekana kwenye kona ya pili. Ukiendelea na ukakosa, hatakukamata papo hapo. Atakuona uso, na kesho mji wote utakuwa na maelezo ya sura yako. Unaendelea?" Dau limetajwa, uamuzi umebaki kwa mchezaji, na hata akikosa hadithi inasonga: atajificha, atabadilisha sura, atamhonga mlinzi, au atatafuta wa kumsingizia. Wiki mbili za gereza hazina lolote kati ya hayo. Zinamwondoa mtu mchezoni, na hiyo ni adhabu kwa mchezaji iliyovalishwa jina la adhabu ya mhusika.

Kifo cha kudumu cha mhusika ni suala la kuamuliwa na jumuiya nzima tangu mwanzo na kuandikwa kwenye kanuni. Zipo jumuiya za maandishi, Armageddon ikiwa miongoni mwa kongwe, ambazo mhusika akifa harudi, na wachezaji wake wameukubali utaratibu huo kwa miaka mingi kwa sababu wanaujua siku ya kujisajili. Jumuiya isiyotaka kufika huko inaweza kuweka kwamba kifo hakitokei bila mchezaji kuonywa waziwazi kwamba hatua inayofuata inaweza kuua. Onyo hilo litolewe nje ya simulizi, kwa lugha ya kawaida, ili asiwepo wa kusema alidhani ni mapambo ya maelezo. Likishatolewa na mchezaji akasonga mbele, matokeo yasimame.

Kusimama kwa matokeo ndiko kunakozaa matukio makubwa. Tarehe 27 Januari 2014, malipo ya kumiliki mfumo wa B-R5RB katika EVE Online hayakupita, na upande uliokuwa ukiushikilia ukapoteza umiliki wake. Mahasimu waliona mwanya. Mapigano yaliyofuata yaliendelea kwa takriban saa 21, vyombo 75 vya daraja la Titan viliteketea, na thamani ya hasara ilikadiriwa kuzidi dola 300,000 za Marekani kwa kipimo cha fedha halisi. Kampuni haikuwa imeandaa vita hivyo wala kuvipangia tarehe. Haikumrudishia mtu chombo kwa hoja kwamba malipo yalikosewa. Baadaye iliacha mabaki ya vyombo hivyo angani mahali palepale, kama mnara wa kumbukumbu.

Jambo hilo la mwisho ni dogo kwa gharama na kubwa kwa athari. Dunia inayokumbuka walichofanya wachezaji huwavuta wengine kufanya. Jumuiya ya watu 30 inaweza kuliiga kwa kuita daraja jina la mhusika aliyefia hapo, au kwa kumfanya mlevi wa baa asimulie vibaya safari iliyoshindwa. Walioshindwa wanastahili kumbukumbu sawa na washindi. Jumuiya inayotunza majina ya washindi peke yao hupata wachezaji wasiojaribu jambo mpaka wawe na uhakika wa kushinda.

Msimamizi hana upande

Hakuna kinachoua ujasiri wa wachezaji haraka kama tetesi kwamba uongozi una wapenzi wake. Mwaka 2007 ilibainika kwamba mfanyakazi mmoja wa CCP alikuwa amejipatia nyaraka adimu za kutengenezea vifaa na kuzitumia kwa faida ya kikundi alichokuwa akicheza nacho. Hasira ya wachezaji ilikuwa kubwa kuliko thamani ya nyaraka zenyewe, na kwa haki: kila aliyewahi kushindwa na kikundi hicho alijiuliza kama alishindwa kihalali. Kampuni iliunda kitengo cha ndani cha kuwachunguza wafanyakazi wake, na mwaka 2008 lilichaguliwa kwa mara ya kwanza Baraza la CSM, chombo cha wachezaji kinachowasilisha maoni yao kwa watengenezaji.

Jumuiya ndogo haihitaji kitengo cha uchunguzi, ila inahitaji kanuni za mgongano wa maslahi zilizoandikwa. Msimamizi asiamue shauri linalomhusu mhusika wake, mwenza wake au kikundi chake. Akabidhi kwa mwingine na kutamka hivyo hadharani. Wahusika wa wasimamizi wasishike kiti cha ufalme, ukuu wa chama chenye nguvu wala umiliki wa silaha ya pekee, hata kama walivipata kihalali. Wapo watakaosema sharti hili linawaonea watu wanaojitolea. Linawaonea kidogo, ndiyo. Lakini cheo kilicho juu kabisa kikishakaliwa na kiongozi wa seva, hakuna mchezaji atakayethubutu kukiwania, na njama nzuri kuliko zote za mchezo zitakuwa zimefungiwa mlango.

Maamuzi yote yanayobadilisha matokeo, yaani kumrudisha mhusika uhai, kufuta tukio au kurejesha mali, yaandikwe pamoja na sababu yake mahali ambapo wachezaji wanaweza kusoma. Sababu halali kwa kawaida ni hitilafu ya mfumo au ukiukwaji wa kanuni uliothibitishwa. Majuto ya mchezaji si sababu. Mchezaji asiyeridhika awe na haki ya rufaa mara moja, kwa msimamizi ambaye hakuhusika, na apewe jibu ndani ya muda uliotangazwa.

Huja pia nyakati ambapo wachezaji wanazua jambo ambalo mfumo haukulitarajia. Mwezi Septemba 2005, katika World of Warcraft, laana ya Corrupted Blood iliyokusudiwa kubaki ndani ya pambano moja ilitoroka kupitia wanyama wa wachezaji na kusambaa mijini kama tauni. Wapo waliojitolea kuwatibu wenzao, wapo waliokimbilia mashambani, na wapo waliousambaza ugonjwa kwa makusudi. Blizzard ilijaribu karantini ikashindikana, na mwishowe ikaurekebisha mfumo. Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko walikuja kulichambua tukio hilo kwa sababu ya namna watu walivyojiendesha. Msimamizi anayekutana na jambo la aina hii ajiulize kwanza kama wasiohusika bado wanaweza kuendelea na mchezo wao. Wakiweza, aliache liende na aliandike. Wasipoweza, alizime mapema na kueleza kwa nini.

Ujasiri wa mhusika, usalama wa mtu

Kukaa pembeni kuna mpaka, na historia imeuonyesha kwa uchungu. LambdaMOO, dunia ya maandishi iliyoanzishwa na Pavel Curtis katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC mwaka 1990, ilifika mahali ambapo wasimamizi wakuu walitangaza kwamba hawataingilia tena ugomvi wa kijamii wa wachezaji. Miezi michache baadaye, mwaka 1993, mchezaji mmoja alitumia programu ndogo kuwafanya wahusika wa wenzake waonekane wakitendewa vitendo vya udhalilishaji wa kijinsia mbele ya kadamnasi. Wachezaji walijadiliana bila kuwa na utaratibu wowote wa kufikia uamuzi. Hatimaye msimamizi mmoja alimfuta mhusika huyo kwa uamuzi wake binafsi, na Curtis akaanzisha mfumo wa maombi na kura za wachezaji.

Funzo la kikazi ni kwamba kukabidhi hadithi kwa wachezaji si kuukabidhi ulinzi wao. Aliyedhalilishwa pale hakuwa ameweka dau lolote. Kwa sababu hiyo mipaka ya maudhui ipangwe kabla ya safari kuanza. Ron Edwards, mtunzi wa michezo wa Marekani, alitenganisha "mistari", yaani mambo yasiyoingia mchezoni kamwe, na "mapazia", yaani mambo yanayoweza kutokea lakini hayasimuliwi. John Stavropoulos naye mwaka 2013 alipendekeza kadi yenye herufi X, ambayo mchezaji yeyote akiigusa jambo linaloendelea huondolewa bila yeye kudaiwa maelezo. Mtandaoni kadi hiyo hugeuka kuwa alama moja ya kuandikwa kwenye mazungumzo. Kinyume na hofu ya baadhi ya wakongwe, zana hizi huongeza ujasiri: mchezaji anayejua kwamba anaweza kusimamisha tukio huthubutu kuingia kwenye tukio zito.

Haki ya kutotafuta hatari nayo ilindwe. Richard Bartle, aliyeshirikiana na Roy Trubshaw kutengeneza MUD ya kwanza, yaani dunia ya maandishi ya wachezaji wengi, katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji wa dunia hizi hugawanyika: wapo wanaotafuta mafanikio, wanaotafuta kugundua, wanaotafuta watu, na wanaotafuta kuwatawala wengine. Anayetafuta watu amekuja kwa ajili ya baa. Muuza duka anayewakopesha wasafiri vifaa, au mganga anayewapokea majeruhi, hana haja ya kulazimishwa aingie pangoni. Safari za wenzake zimpitie mlangoni pake.

Kumbukumbu za mazungumzo zinazotunzwa kwa ajili ya mashauri na rufaa ni taarifa za watu. Jumuiya zinazoendeshwa Tanzania zizingatie Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zile za Kenya zizingatie Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata data za mtoto. Umri wa wachezaji ujulikane. Safari zenye maudhui ya watu wazima zitengwe, na msimamizi asifanye mazungumzo ya faragha na mtoto kuhusu mashauri ya mchezo bila mwenzake kuwepo.

Nguvukazi ya jumuiya

Kuwaachia wachezaji uongozi wa safari hakupunguzi kazi kwa mwezi wa kwanza, huiongeza. Maombi huja bila mpangilio, na kila moja linahitaji mtu wa kulisimamia. Ombi lisilojibiwa kwa siku kadhaa humfunza mwombaji asiombe tena, hivyo ni heri kupokea maombi mawili kwa wiki na kuyatimiza kuliko kuahidi kumi. Maandalizi nayo yawe mepesi: mahali, wakazi wake, wanachokitaka, na kitakachotokea wasipozuiwa. Mwisho wa hadithi usiandikwe. Msimamizi aliyeshaandika mwisho atawasukuma wachezaji kuuelekea, nao watang'amua na kurudi baa kungoja waelekezwe.

Wasimamizi wengi ni watu wa kujitolea, na haki zao ziandikwe kama za wachezaji. Mwaka 1999 watu waliokuwa wakijitolea kusimamia vyumba vya mazungumzo na huduma nyingine za AOL nchini Marekani waliishtaki kampuni hiyo wakidai kwamba kazi waliyoifanya, yenye zamu na ripoti za lazima, ilistahili ujira. Shauri lilimalizika kwa maridhiano ya dola milioni 15 mwaka 2010. Jumuiya inayoingiza fedha, kwa ada au kwa michango ya wafuasi, iweke wazi nani analipwa na kwa kazi ipi. Inayoendeshwa bila fedha iweke zamu zisizozidi uwezo wa mtu mwenye ajira na familia, iruhusu mapumziko bila maelezo, na imruhusu msimamizi aliyeachia nafasi arudi kuwa mchezaji wa kawaida, kwa mhusika mpya, bila kutumia siri za dunia alizozijua alipokuwa kazini.